Fungu la Kyandula

Chama cha wanafunzi wa uhandisi kimetuomba sisi tuliopita hapo zamani tuandike kurasa chache za ushauri kwa walio darasani sasa. Nimesoma za wenzangu waliotangulia. Wote wanasema fanya bidii, jifunze kompyuta, vaa tai, heshimu wakubwa. Sina ugomvi na tai. Ila najiuliza ni nani aliyewahi kuharibikiwa na kazi kwa sababu hakuambiwa afanye bidii. Mambo yaliyonishinda mimi hakuna mhadhiri aliyeyataja, na sidhani walitunyima kwa makusudi. Nadhani hawakuyajua.

Nimestaafu mapema, kwa ule mpango ambao serikali inauita wa hiari. Wengi wetu tulisikia habari za hiari yetu kutoka kwa wakubwa wetu. Bado sijafika umri wa kuitwa mzee bila mtu kucheka, kwa hiyo msitarajie hekima. Habari za vyeo nitaziruka: vilikuwa vichache, na vilinikuta nimeshaacha kuvingoja. Nitaeleza jinsi nilivyoanza, kisha kazi moja kwa urefu, kwa sababu kila nikijaribu kuandika ushauri naishia pale pale.

Nilifika Kitui mwishoni mwa miaka ya sabini nikiwa na digrii, jozi mbili za viatu na maswali mengi. Nilizaliwa Mbooni, karibu na soko la Kikima, ambako vijito hutiririka mlimani na migomba hukua bila kubembelezwa, nikadhani naijua Ukambani. Siku ya kwanza injinia wa maji wa wilaya, Bwana Musembi, alinipeleka kwenye mto. Tulisimama katikati ya mchanga mweupe mpana kama barabara kuu, na ng'ombe walikuwa wakipita humo humo. Akaniuliza mto uko wapi. Nikasema umekauka. Akasema, "Umesimama juu yake. Mto wa huku huishi chini ya mchanga. Ukishindwa kuamini hilo, omba uhamisho leo."

Musembi alikuwa mmoja wa wahandisi wa kwanza Waafrika, wale waliosoma miaka ya sitini na kurithi meza za wazungu pamoja na wino wao. Alijua kazi. Miezi yangu ya mwanzo alininyima kile chombo cha miguu mitatu cha kupimia usawa wa ardhi. Alinipa kushika ubao wa namba, kazi ya kibarua. Nilipolalamika alisema anayechungulia kwenye chombo huona namba tu, lakini anayeshika ubao huona mahali anapokanyaga. Aliniambia pia kwamba nauliza kama wakili wa mwizi. Nililichukua kama sifa.

Kifaa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mtaimbo, chuma kirefu cha kuchimbia mawe. Alinifundisha kuuangusha chini wima na kusikiliza. Kwenye mwamba hulia na kukurudishia mtetemo mpaka kwenye bega. Kwenye udongo wa mfinyanzi hukwama kwa sauti nzito. Kwenye mchanga huzama, husikii kitu. Ukuta wa kuzuia maji, alisema, ni nadra kuvunjika katikati. Maji huuzunguka pembeni, pale ulipouma ardhi laini. Kwa hiyo mabawa ya ukuta, zile ncha mbili zinazoingia kwenye kingo za mto, ndiyo kazi yenyewe, na huko katikati ni mawe ya kuonyesha wageni. Sijawahi kusikia somo la msingi wa majengo lililofundishwa vizuri zaidi, na nililipa karo ya miaka mingi kusikia mabaya.

Kazi ninayotaka kueleza ilitujia miaka michache baadaye, baada ya njaa kubwa. Ilikuwa kwenye mto mmoja wa mchanga upande wa kaskazini, kabla hujafika Mwingi. Kiangazi wanawake wa pale walichimba mashimo ndani ya mchanga mpaka wapate maji, na kadiri miezi ilivyokwenda maji yalishuka na shimo likayafuata. Kufikia Oktoba, aliyekuwa chini alikuwa haonekani. Kuta za shimo ni mchanga mtupu. Mtu aliye chini huchota kwa kibuyu kilichokatwa, humpa aliye katikati, naye humpa aliye juu. Wanaoingia chini huwa ni wasichana, kwa sababu ni wembamba na ni wepesi kupanda wakisikia mchanga unaanza kumwagika. Mara nyingine hausikiki.

Sisi tulikwenda kuwajengea ukuta ili mashimo hayo yaishe. Ukuta wa mawe na simiti, ukivuka mto kutoka ukingo hadi ukingo, hushika mchanga wa mafuriko, na mchanga hushika maji. Baada ya misimu michache maji huwa karibu na uso, na yanaweza kutolewa kwa pampu ya mkono. Hesabu zake si ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaziweza.

Wizara ilitoa simiti, lori na sisi. Watu walitoa mikono, kwa mwethya. Kwa msomaji asiye wa kwetu, mwethya ni kazi ya kusaidiana: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na wengi wa wanachama ni wanawake. Kazi ikiwa kubwa vikundi kadhaa huungana. Kamba ya katani huvutwa, mtaro wa msingi hugawanywa mafungu, na kila kikundi hupewa fungu lake. Hakuna anayegusa fungu la mwenzake. Ukichimba fungu la wengine unakuwa umewaambia mbele ya watu kwamba huwahesabu tena. Kikundi kilichochimbiwa hakiitwi tena, na asiyeitwa hubaki peke yake na magugu yake. Nilipoelezwa hivyo nilifurahi. Niliona ni njia bora ya kuhakikisha kazi inakwisha kuliko msimamizi yeyote wa kulipwa.

Na kwa kweli walichimba. Kikundi cha kijiji cha Kyandula, kilichoongozwa na mama mmoja aitwaye Syokau, kilipata fungu la mwisho upande wa kushoto, pamoja na bawa la kuingia kwenye ukingo. Aliyepakana naye alikuwa Kavata, kiongozi wa kikundi cha ng'ambo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika Garissa. Hawa wawili walitaniana kutwa nzima. Siku moja Kavata aliwaona Kyandula wamepunguza mwendo, akauliza kama wanachimba au wanatafuta sindano.

"Tunamtafuta bwana yako," Syokau akamjibu bila kuinua kichwa. "Alisema amepotelea huku."

Mtaro mzima ulicheka. Nawaambia hili ili msifikiri palikuwa mahali pa huzuni. Hapakuwa.

Mafungu mengine yalikuwa yamepita kimo cha mtu na Kyandula wamefika kiunoni, kwa sababu ardhi yao ilikuwa ngumu juu, shimo la maji lilipomwangukia Mbithe. Alikuwa mke wa mwana wa Syokau. Aliingia asubuhi kuchota maji ya uji wa watu wa kazi. Waliomfukua walikimbilia makoleo yetu, yale ya mtaroni, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Makoleo yalirudishwa jioni ile yakiwa yameoshwa. Mahali ambapo maji yalikuwa yametoka kumuua mtu, mtu fulani aliona ni lazima ayatumie kuosha makoleo ya serikali. Niliyapokea. Sikujua pa kuyaweka.

Hapo kazi ikakwama. Watu wa pale hawalimi wala kuchimba wakiwa na maiti isiyozikwa kijijini mwao. Kikundi cha Kyandula kiliweka majembe chini siku ile ile. Polisi walitaka maiti ikaangaliwe hospitali Kitui. Mume wa Mbithe alikuwa akifanya kazi Mombasa, na ujumbe ulimfikia kwa kupitia mtu aliyekutana na mtu. Mazishi yakasogezwa, yakasogezwa tena. Wenzao wakamaliza mafungu yao, wakafika kwenye mwamba, mtaimbo ukalia. Upande wa kushoto ulibaki vile vile, na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Ukasi kila alasiri.

Nilipendekeza tulete vibarua wa kulipwa wamalize lile fungu. Kamati ya mradi ilinisikiliza kwa adabu, kisha mzee mmoja akauliza wanawake waliochimba bure wataambiwa nini wakiona wanaume wanalipwa kuchimba pale pale. Walikuwa sawa. Nilipendekeza tungoje mwaka mwingine. Musembi akasema simiti yetu inatakiwa kwenye mradi mwingine, na lori likiondoka nayo hairudi. Naye alikuwa sawa. Kazini niliwahi kukutana na wajinga na wezi, na hao mtawamudu. Kilichonichosha ni kikao ambacho kila mtu alikuwa sawa.

Nikaamua kwenda kwa mwenye fungu. Syokau alikuwa nyumbani, amekaa chini na wanawake wa matanga, leso imefungwa kiunoni. Nilimpa pole kisha nikamweleza yote, bila kupunguza. Nikamwambia bawa lile lisipofika kwenye mwamba maji yatapita chini yake, na yakishapata njia hayatasimama.

"Na ukuta ukisimama," akasema, "wasichana wangu hawataingia shimoni?"

"Hawataingia, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mwanamke aliye rika la mama.

"Nina wawili waliobaki nyumbani. Wa kwanza ameanza kuchota mwaka huu."

Aliinuka. Wanawake waliokuwa naye walijaribu kumketisha, kwa kuwa mfiwa haendi kazini. Alishuka mpaka mtoni na mimi nyuma yake, akasimama juu ya fungu lake mbele ya vikundi vyote, akawaomba wachimbe. Hakueleza mengi. Alisema fungu ni lake na anawapa.

Hakuna aliyesogea. Wote walimwangalia Kavata.

"Syokau," Kavata akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti, "kama ningekuwa nakuchukia ningeanza kuchimba sasa hivi."

"Chimba hivyo hivyo."

"Zika kwanza. Tutakungoja."

Kisha akalaza jembe lake chini na kuketi kwenye lundo la mchanga, na kikundi chake kikaketi, na vingine vikaketi. Wanawake wenye nguvu, wenye majembe mkononi, walikaa mita chache kutoka kwenye udongo ambao wangeumaliza kwa asubuhi mbili. Walikaa kwa sababu walimpenda. Nilimfuata Kavata nikamwambia mvua haitangoja mazishi. Aliniambia mvua ikikosa mwaka huu itarudi mwaka ujao, lakini Syokau wakimvunja mbele ya watu leo, hatarudi. Nilikuwa na majibu kuhusu kasi ya maji na aina za udongo.

Mbithe alizikwa mwishoni mwa juma. Kesho yake kikundi cha Kyandula kilikuja alfajiri, Syokau mbele, wakachimba kama watu wanaofukuzwa. Walichimba siku ile na iliyofuata. Mchana wa pili mvua ilinyesha kwenye vilima vya juu, tukaona maji membamba ya rangi ya chai yakishuka kwenye mchanga. Musembi alifika na landrova akiwa na viatu vya mjini. Aliuchukua mtaimbo mwenyewe, akashuka kwenye fungu la kushoto, akauangusha.

Ulizama. Akauinua akauangusha tena hatua chache mbele, ukazama tena. Nilimtazama usoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza.

"Jenga," akasema.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Jenga."

Ndani ya gari aliniambia jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi. Alipokuwa kijana kama mimi alisimamisha ujenzi wa ukuta mmoja, upande wa kusini, kwa sababu msingi haukumridhisha. Alikuwa na haki, wakaguzi walimpongeza, pesa na mawe vikaenda kwingine, na ukuta ule haujajengwa mpaka leo. "Nenda kawaulize watu wa pale kama wananishukuru," akasema. Nikamuuliza kama watu wa huku watamshukuru ukuta ukienda na maji. Akasema, "Huenda usiende." Hapo nilielewa kwamba hakuwa amesahau lolote kati ya aliyonifundisha. Alikuwa amechoka kulipa gharama yake.

Nilimwambia basi watu waambiwe ukweli kabla hawajabeba hata jiwe moja. Akasema niwaambie nikitaka. Nadhani alijua itakavyokuwa.

Nikawaambia. Nilisimama kwenye ukingo nikaeleza kwa Kikamba, polepole, kwamba upande wa kushoto haujafika kwenye mwamba na mafuriko makubwa yanaweza kuuzunguka ukuta. Nilitegemea hasira, au maswali. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikiamini kwamba ukweli ukisemwa waziwazi unajitegemea, utafanya kazi yake wenyewe. Wanawake walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha wakageuka kumtazama Syokau, kwa kuwa upande niliousema ulikuwa wake. Syokau aliinama, akachukua jiwe, akalitia kichwani. Kavata akachukua lake. Baada ya hapo mstari wa mawe haukukatika mpaka jua likazama, na ulirudi kesho yake na kesho kutwa. Wangefanyaje? Kukataa kungekuwa kumwambia mbele ya watu kwamba fungu lake ndilo bovu.

Ukuta ulikamilika. Mafuriko madogo ya kwanza yalipita juu yake vizuri, yakaacha mchanga nyuma, na wanawake wakaja kuukanyaga huku wakipiga vigelegele. Niliuangalia ule ukingo wa kushoto kila nilipopita. Mwezi wa Desemba mvua ilinyesha usiku na mchana, na asubuhi tulipofika ukuta ulikuwa umesimama, mzima, haujapata hata ufa. Mto ulikuwa umehama. Ulikuwa umekula ukingo wa kushoto, pamoja na shamba la mtu na mti mmoja wa mgunga, na sasa ulipita pembeni ya ukuta wetu kama mtu anayekwepa jiwe njiani.

Ningependa kuwaambia kwamba watu wa Kyandula walirudi pale walipokuwa kabla ya ukuta. Haikuwa hivyo. Mkondo mpya ulikata chini zaidi, mchanga wa zamani ukamwaga maji yake ndani ya mkondo huo, na maji ya ardhini yakashuka. Kiangazi kilichofuata mashimo yalikuwa marefu kuliko kabla hatujaja. Andikeni hilo kwenye daftari zenu: kazi mbaya ya mhandisi si bure, hugharimu zaidi ya kutofanya kazi.

Hakuna aliyemlaumu Syokau. Niliuliza, kwa kuwa mimi huuliza, na kila mtu alisema ni mvua tu. Lakini ofisi ilipotaka kurekebisha bawa msimu uliofuata, na simiti ikaja, mwethya haukuja. Walituma ujumbe wa adabu kwamba wana kazi mashambani. Mara ya pili wakasema hivyo hivyo. Kwenda mtoni kungekuwa kuchimba tena pale pale, na wote walijua pale ni pa nani. Simiti ikaganda stoo. Musembi alipandishwa cheo mwaka ule akaenda makao makuu. Nilisema nitaruka habari za vyeo. Hicho nimeona nikitaje.

Mimi nilihamishiwa sehemu za Makueni, wakati huo bado chini ya Machakos, kwa sababu niliandika ripoti ndefu kuliko ilivyotakiwa. Huko nilifanya miaka yangu iliyobaki. Nilivuta mabomba ya kushuka kutoka milima ya kwetu, na nilijenga tangi karibu na Kambu ambalo lilipaswa kunywesha vijiji. Madereva wa malori ya Mombasa walikuwa wakiosha malori yao hapo, kwa kuwa ndio waliokuwa na cha kumpa mlinzi. Nilijenga vizuri. Sijawahi tena kuweka jiwe mahali ambapo mtaimbo haukulia. Watu wengine wamekaa bila maji kwa sababu ya msimamo huo, kama Musembi alivyosema, na hawanishukuru. Mkitaka niwaambie ni nani kati yetu wawili aliyefanya vizuri, mnaniuliza nisichokijua. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla hamjagawa mtaro, ulizeni itakuwaje mmoja akifiwa. Mafungu yapishane: fungu gumu wapewe wote kwa zamu, lisiwe na mwenyewe. Nililijaribu hilo Makueni na likafanya kazi. Halimo kwenye kitabu chochote cha misingi.

Barua ya kustaafu ilinikuta kiangazi. Nilikuwa na gari la serikali la kurudisha Kitui, lililoazimwa kutoka ofisi ya huko, na nilipofika huko nikapata sababu ya kwenda mpaka Kyandula kwanza. Nilijiambia naenda kuuangalia ukuta. Ulikuwepo, mwekundu kwa vumbi, mbuzi wamelala kivulini mwake. Chini kidogo palikuwa na shimo, na mwanamke kijana aliyefunga mtoto mgongoni alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa shimo, mkono mmoja umeingia ndani. Kibuyu kilitoka, akakimimina kwenye mtungi, akakirudisha. Nilimsalimu nikauliza nyumbani kwa Syokau. Akaonyesha shimo kwa kidevu.

Nilichungulia. Sikuona kitu mpaka macho yalipozoea, kisha nikaona kitambaa cha kichwa.

"Nani huyo anayeniziba mwanga?" akauliza. Binti yake akamwambia ni yule injinia wa ukuta. Syokau akauliza, "Amenenepa?"

Binti akasema sijanenepa sana.

Yule binti alikuwa mmoja wa wale wawili. Mwenzake ameolewa Mwingi, kwenye mabomba. Aliniambia kwamba hawajawahi kuingia chini, hata mmoja wao, tangu Mbithe. Mama alikataa. Ameingia yeye mwenyewe kila kiangazi, miaka yote hii, na sasa magoti yamekataa na kumtoa humo jioni huwa kazi ya watu wawili.

Nilimwambia Syokau atoke.

"Nikitoka ataingia huyu," akasema. "Ana mtoto mgongoni."

Sikuwa na simiti, wala lori, wala ofisi. Nilivua viatu. Tulimvuta juu mimi na binti yake, akaketi mchangani akihema, mwepesi kuliko nilivyotarajia, nikashuka mimi kwa vitobo vya miguu vilivyochimbwa ukutani. Chini palikuwa na baridi. Maji yalikuwa kiasi cha sahani, yakijaa taratibu kutoka pembeni. Darasani tulifundishwa pembe ambayo mchanga mkavu hukubali kusimama, na ukuta uliokuwa mbele ya pua yangu ulisimama wima kabisa. Kilichoushikilia kilikuwa unyevu tu, ule ule nilioshuka kuuchota. Kila kibuyu nilichotoa kiliukausha kidogo.

Nilichota, nikainua mkono, kibuyu kikapokelewa. Nilipokiona kinarudi nikajaribu kuegemea nipumzishe mgongo, na mchanga kidogo ukanimwagikia shingoni.

"Usiuguse ukuta," Syokau akasema kutoka juu. "Jaza tu. Bado mitungi miwili."